Majina ya Mwisho kwenye Pantoni

Sisi watu wa fasihi tumezoea kuuliza ni nini hupotea maneno yanapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, mfanyabiashara wa Venisi akageuka bepari, na hatujaacha kuijadili. Lakini kuna swali la pili ambalo huwa tunaliruka: vipi kama hakuna neno hata moja lililobadilishwa, ila ardhi ambayo maneno hayo yamesimama ndiyo imebadilika?

Swali hilo nilikutana nalo Ifakara, kwenye orodha ya malipo ya chama kimoja cha wakulima wa mpunga. Shangazi yangu analima ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Alifikisha magunia yake, akapimiwa, akapewa stakabadhi. Siku ya malipo jina lake halikuwepo. Jina lake linaanza na Z. Na kumbe hakuwa peke yake: watu tisa wa mwisho kwenye orodha, wote wa Y na Z, hawakupata kitu.

Kilichouma zaidi ni kwamba ukifungua faili la orodha kwenye kompyuta ya ofisi, majina yote yamo. Kwenye karatasi ya malipo hayamo. Hapo mtu anafikiria nini? Anamfikiria karani. Ndani ya wiki moja yule kijana alikuwa anaitwa mwizi hadi sokoni.

Mdogo wangu wa kike, ambaye kazi yake ni kuandika programu, aliombwa aangalie. Nilikaa naye siku mbili, kwa udadisi wa kiandishi tu. Programu yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa Python, lugha isiyokulazimisha utangaze mapema kila kitu ni cha aina gani. Miaka yote ilifanya kazi vizuri. Kisha ofisi ikanunua mfumo unaoendeshwa na Java, na programu ikahamishiwa kwenye Jython, ambayo ni Python ileile ikiishi juu ya mashine pepe ya Java. Kazi hiyo ya kuihamishia Python huko ilianzishwa na Jim Hugunin mwaka 1997. Msimbo haukuguswa. Mstari kwa mstari, ulikuwa uleule.

"Dada, tusianze na watu," aliniambia. "Tuanze na herufi." Akaongeza majina kumi ya uongo yanayoanza na A. Majina yaliyokatika bado yalikuwa ya mwishoni, ila idadi yao ilibadilika. Basi tatizo halikuwa herufi Z, wala mtu mwenye kinyongo na akina Z. Tatizo lilikuwa kukaa mkiani. Halafu akafanya jambo ambalo sikulielewa mara moja: akaisimamisha programu katikati, pale inapomaliza kuandika orodha na kabla haijaanza kuisoma ili itengeneze malipo, akalitazama faili. Lilikuwa fupi. Akaiacha programu iendelee hadi izime yenyewe, akalitazama tena. Limekamilika.

Yaani karani alikuwa anasema kweli, na faili nalo lilikuwa linasema kweli, kila mmoja kwa wakati wake.

Aliponieleza sababu nilicheka, maana ni habari ya pantoni kabisa. Kabla Daraja la Magufuli halijafunguliwa mwaka 2018, mita 384 juu ya Mto Kilombero, watu walivuka kwa pantoni, na pantoni haivushi mtu mmoja mmoja. Inasubiri ijae. Kompyuta nayo ikiandika kwenye faili haipeleki kila jina peke yake, inayakusanya pembeni kwanza, ikijaa ndipo inavusha. Wale wa mwisho, ambao hawatoshi kuijaza, wanabaki ukingoni mpaka mtu aseme "ondoka", yaani faili lifungwe.

Aliyeandika programu hakuwahi kusema hivyo, na hakuhitaji. Python ya kawaida huhesabu ni nani bado anakishika kila kitu. Wa mwisho akikiachia, kitu kinafungwa papo hapo, na pantoni inaondoka. Mashine pepe ya Java haina desturi hiyo. Ina mfagiaji wake, anayepita kwa ratiba yake mwenyewe kuondoa visivyotumika tena. Hajapita, faili liko wazi. Programu inalisoma likiwa hivyo, inalipa waliokwisha kuvuka, na shangazi yangu amesimama ng'ambo na stakabadhi mkononi.

Dawa ilikuwa kuandika waziwazi kwamba faili lifungwe kabla ya kusomwa. Kazi ya dakika moja, baada ya siku mbili za kusaka. Watu tisa wakalipwa. Karani aliombwa radhi kwenye mkutano, ingawa kule sokoni neno lililokwisha kutoka halina mfagiaji.

Nimelifikiria sana jambo hili kama msomaji. Kila andiko lina vitu ambavyo mwandishi hakuviandika kwa sababu mahali alipokuwa vilijifanya vyenyewe. Hata mwandishi havijui, kwa vile havijawahi kumkosa. Ni uhamisho unaovifichua. Ndiyo maana siku hizi nikisoma tafsiri mbaya siwahi kuuliza kwanza mfasiri amekosea neno gani. Nauliza kule maneno yalikotoka kulikuwa na nini kilichokuwa kikiyamalizia kazi kimyakimya, na huku yalikofika ni nani alitakiwa kusema "ondoka" akanyamaza.