Hedifoni za Elfu Arobaini, Bawaba ya Spoki

Nianze na ukweli niliouficha kwa miezi 14: hedifoni zangu hazikuwa za elfu tatu. Zilikuwa za Sh42,000. Elfu tatu ni bei niliyomwambia mamangu.

Kabla hujanihukumu, ngoja nikueleze ploti yetu.

Tunaishi Rongai, orofa ya pili. Chini kuna kinyozi ambaye spika yake inaamka saa mbili asubuhi na kulala saa nne usiku. Nyuma kuna pampu ya kupandisha maji kwenye tangi. Stima ikipotea, jenereta ya bucha inachukua zamu. Ndani ya nyumba mama anashona yunifomu za shule kwa cherehani, na mdogo wangu anasoma kwa sauti kama mtu aliyekosewa na kitabu.

Mimi hapo katikati nahariri video za harusi na ruracio. Watu hudhani kazi hiyo ni ya macho, lakini nusu yake ni ya masikio. Nilipoanza nilikuwa natumia zile za waya za mia tano, zile ambazo sikio moja hufa baada ya miezi miwili. Siku moja nikapeleka video ya harusi ambayo ilikuwa na mvumo wa jenereta kuanzia mwanzo wa viapo hadi mwisho. Sikuusikia kwa sababu jenereta ya bucha ilikuwa inavuma pia. Mteja alikataa kulipa salio, na hakukosea. Maharusi hawarudii viapo kwa sababu mhariri anaishi juu ya kinyozi.

Basi nikaweka akiba miezi saba na nikanunua zile zinazoondoa kelele. Kampuni siitaji, si ya kutafutana ubaya hapa.

Zinafanya kazi hivi: ndani kuna maikrofoni ndogo zinazosikiliza kelele ya nje, halafu hedifoni inatengeneza wimbi la sauti lililo kinyume cha hiyo kelele, na mawimbi hayo mawili yanafutana. Wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake Marekani mwaka wa 1936. Na marubani Dick Rutan na Jeana Yeager walipozunguka dunia bila kutua mwaka wa 1986, siku tisa ndani ya ndege iliyobana, walikuwa na hedifoni za majaribio za aina hii ili injini isiwamalize masikio.

Kinachofutika vizuri ni mvumo wa chini usiobadilika: injini, pampu, jenereta. Sauti ya mtu akiita au mtoto akilia bado inapenya. Kwa hivyo usidanganywe na matangazo. Siku ya kwanza jenereta ilinyamaza kabisa, nikakaa pale kitandani karibu nilie. Lakini mama akiniita nikaoshe vyombo, nilisikia. Nilijifanya tu sijasikia.

Maisha yakawa mazuri. Hata kwa nganya ya kwenda tao, ile ngoma inayotingisha viti, nilikuwa nafika na kichwa changu kikiwa kizima. Wateja wakaongezeka. Nikasahau kabisa kwamba kitu chenyewe ni plastiki.

Mwezi wa 14, Jumanne jioni, nikazivua kwa mkono mmoja kama kawaida. Nikasikia *tik*. Bawaba ya kulia, pale zinapokunjikia, ilikuwa imepasuka. Kikombe cha sikio kikawa kinaning'inia kwa waya tu, kama jino la mtoto.

Waranti ilikuwa ya mwaka mmoja. Dukani waliniambia kwa upole sana kwamba hata ingekuwa haijaisha, kuvunjika ni matumizi ya mteja. Nikaandikia kampuni. Wakanijibu kwamba kipande hicho hakiuzwi peke yake, ila wanaweza kunipa punguzo nikinunua mpya. Maze, hebu fikiria unavunjika mguu, halafu hospitali inakupa punguzo la kuzaliwa upya.

Nilikuwa nasoma hayo majibu sebuleni, uso umeanguka. Mama bila kuinua macho akasema, "Si ununue zingine? Si ni elfu tatu tu."

Sikujibu. Cherehani ikasimama.

"Zilikuwa pesa ngapi?"

Nikamwambia.

Niliona anahesabu. Mwezi niliozinunua ndio mwezi mdogo wangu alirudishwa nyumbani kwa salio la karo la Sh8,000, na mama akachukua mkopo wa chama. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, na pesa kwa simu, nikasema sina. Nilijiambia ni pesa za kazi. Zilikuwa za kazi kweli. Lakini ningeweza kusema, "Mama, nina hizi, nimezipangia hivi, tuongee." Badala yake nikapunguza bei, nikaendelea na maisha.

Hakunipigia kelele, na aki ningependelea kelele. Aliniuliza maswali mawili tu.

La kwanza: "Zimekuingizia ngapi?"

Hilo nilikuwa na jibu. Tangu nizinunue hakuna mteja hata mmoja aliyekataa kulipa kwa sababu ya sauti. Pesa zenyewe zilikuwa zimerudi zamani.

La pili: "Na zikiharibika, nani anatengeneza?"

Hilo sikuwa na jibu. Na hakuwa ananisuta. Alikuwa anashangaa kabisa kwamba mtu anaweza kutoa pesa za namna hiyo kununua kitu kisicho na fundi. Cherehani yake ni ile ya kukanyaga, imenizidi umri. Mkanda ukikatika, ananunua mwingine sokoni. Bobini zinauzwa. Sindano zinauzwa. Sehemu nyingine zote anatia mafuta mwenyewe Jumapili jioni.

Kesho yake nikashuka tao, Luthuli Avenue. Mafundi wawili walizigeuzageuza wakanirudishia. Wa tatu, mzee mmoja mwenye miwani imefungwa kwa waya, alifungua kikombe, akaniita nisogee.

"Siste, ona. Uzito wote unashikwa na hii plastiki nyembamba, na waya wa sauti umepitishwa hapo hapo. Hii ilikuwa lazima iende."

"Inatengenezeka?"

"Ya kampuni, hapana. Yangu, ndiyo."

Alitoboa tundu dogo, akakata kipande cha spoki ya baiskeli, akakipitisha kama pini, akafunga kwa gundi ngumu ile ya kuchanganya, na akalehemu waya uliokatika. Sh1,200. Masharti ni mawili: hazikunjiki tena, na nizivue kwa mikono miwili.

Sasa ni miezi 20. Tufanye hesabu. Siku zilipovunjika, Sh42,000 gawanya kwa miezi 14 ni Sh3,000 kwa mwezi. Yaani ule uongo wangu uligeuka kuwa ukweli, ila kwa mwezi. Ukiongeza pesa za fundi na kugawanya kwa miezi 20, inakuwa Sh2,160, na inaendelea kushuka kila mwezi ambao spoki inashikilia. Bei ya kitu utaijua siku utakayokitupa. Ile ya dukani ni mwanzo tu.

Kwa hivyo, kama unaweka akiba ya kununua hizi vitu, nimekulipia masomo tayari.

Kwanza, kabla ya kuuliza kuhusu besi na rangi, uliza vipuri. Sponji za masikio zinabadilishwa? Ile ngozi bandia inachukia jasho na unyevu, na itaambuka tu, hata ujipake nini. Zangu ziliambuka mwezi wa 16.

Pili, uliza betri. Betri ya lithiamu huzeeka kwa kuchajiwa na kwa joto, hiyo ni kemia, haiepukiki. Usiziache kwa dirisha la jua, na usiziache kwa chaja usiku kucha kila siku. Swali ni kama betri ikichoka inaweza kutolewa bila kuvunja kila kitu. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka wa 2023 kwamba kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vingi vya aina hii ziwe zinaweza kutolewa na kubadilishwa na mwenye kifaa. Naombea vifaa hivyo vifike hadi Luthuli.

Tatu, angalia bawaba. Kunja, kunjua, tazama kama ndani kuna chuma au plastiki tupu. Muuzaji akikukazia macho, mwache akukazie.

Nne, usidanganye nyumbani. Hii haihusu hedifoni. Kama kitu ni cha kazi, kitetee kama kitu cha kazi, mezani, kwa bei yake kamili. Ukiona huwezi kuitaja hiyo bei mbele ya wale mnaokula nao, labda hujamaliza kuamua.

Mkopo wa chama nilimaliza kuulipa mimi, pamoja na riba. Mama hakusema kitu. Lakini sponji zilipoambuka alinishonea vifuniko viwili vya kitambaa cha yunifomu, rangi ya buluu ya shule ya mdogo wangu. Kitambaa hakizibi kama ngozi, kwa hivyo jenereta imeanza kusikika kidogo kwa mbali. Cherehani pia. Sijali sana.

Bawaba ya kulia inalia nikigeuza kichwa. Mama anasema inataka tu mafuta.

Na wewe je, ni kitu gani ulipunguza bei ulipofika nacho nyumbani?