Waini Nyekundu ya Ulaya kwa Mfuko wa Uswahilini

Mshahara umeingia, na wewe na mwenzi wako mmeamua wikiendi hii hamtoki. Mtapika nyumbani, mtazima simu, mezani kuwe na chupa moja nyekundu. Chupa gani sasa? Hapo ndipo wengi tunapoliwa pesa, maana tumezoea kununua jina. Mtu akiona Bordeaux tu, basi, kamaliza! Kumbe Bordeaux ni eneo kubwa lenye waini za kila daraja, na ile ya bei ya chini aghalabu ni nyepesi na chachu.

Nimezunguka grosari na supamaketi kuanzia Morocco na Mwananyamala hadi Chang'ombe na Tandika. Rafu zimejaa za Dodoma na Afrika Kusini. Za Ulaya ni chache, zimepandishwa juu kabisa. Omba ushushiwe, usome lebo.

Ukikuta Garnacha ya Hispania kutoka Campo de Borja au Calatayud, chukua. Huko ni kukavu, jua kali, zabibu zinaiva sawasawa, na kilevi mara nyingi hufika asilimia 14. Kwa mishkaki ya ng'ombe sijaona mpinzani wake. Lebo ya Rioja ikiwa na neno Crianza, ujue imetunzwa miaka 2 kabla ya kuuzwa, mwaka 1 kati ya hiyo ndani ya pipa la mwaloni. Kazi ya kusubiri mmeshafanyiwa.

Ya Italia ni Montepulciano d'Abruzzo, laini na rafiki wa mfuko. Usiichanganye na Vino Nobile di Montepulciano, ambayo ni ya Toscana, zabibu nyingine, na bei nyingine kabisa. Ureno tafuta Alentejo, eneo lile lile lenye misitu ya miti inayotoa magome ya vizibo. Ukiwa huna raha bila Mfaransa, basi Côtes du Rhône.

Onyo kwa aliyelelewa na Dompo: hizi hazina sukari. Funda la kwanza lina ukakasi, kama umeuma bibo la mkorosho au umekunywa chai ya rangi iliyokolea. Usimcheke mwenzio akikunja uso. Mpe kipande cha nyama yenye mafuta kidogo, kisha arudie. Ukakasi unalegea, ladha ya tunda inatokeza. Kwa wali wa nazi na samaki, kwa kweli, muiache kabatini.

Halafu kuna hili joto letu. Vitabu vinasema waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba, lakini chumba chenyewe ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Mbagala mwezi Februari inapita 30! Ikiwa hivyo, kilevi kinapanda puani na utamu wote unapotea. Iweke kwenye friji nusu saa, asikutishe mtu. Dukani nako, chupa iliyopangwa dirishani ikipigwa na jua, au ambayo kizibo kimesukumwa juu na shingo inanata, muachie mwenye duka hata akikupunguzia bei.

Ikibaki, ifungeni na kuirudisha kwenye friji. Siku 2 au 3 bado inanyweka. Na kama nyumbani hakuna kizibuo, nunueni yenye kifuniko cha kuzungusha, msije mkahangaika na kisu saa tatu usiku.