Safari ya Rabai Pamoja na Walimu Wanagenzi

Mtu atokaye Mombasa kwenda bara kwa gari hupita Changamwe na Miritini, penye stesheni kubwa ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, kisha hupanda polepole mpaka Mazeras. Hapo malori ya kwenda Nairobi na Uganda hushika njia yao, na mwenye haja ya Rabai hukata kuume. Mara hewa hubadilika. Minazi husimama pande zote mbili za njia, wagema huonekana juu ya miti na vibuyu vyao, na upepo wa baharini, ambao huko chini bandarini umechanganyika na moshi, hufika huku juu vilimani ukiwa safi. Njia hiyo nimeipita mara nyingi kwa sababu za harusi na mazishi. Lakini safari ninayotaka kuwaeleza wasomaji ilikuwa ya namna nyingine. Nilialikwa na mkufunzi mmoja wa chuo cha ualimu cha huku Pwani nifuatane na vijana wake kumi na mmoja, waliokuwa wakienda kukaa nyuma ya darasa na kutazama.

Kutazama tu, bila kufundisha. Utingo wa matatu tuliyoikodi alipoelezwa kazi yetu alicheka sana, akasema kama kazi yenyewe ni kukaa nyuma ya darasa, basi yeye aliifanya miaka minane bila mshahara. Vijana nao wakacheka, nami nikacheka. Baadaye nililikumbuka neno lake.

Tangu mwaka 2021 vyuo vya Kenya vimefundisha Stashahada ya Ualimu wa Shule za Msingi mahali pa kile cheti cha P1 ambacho wazee wengi wa kazi hii walikipata. Mwanagenzi hakabidhiwi chaki mara moja. Kwanza hupelekwa shuleni akaone mwenye kazi akiifanya. Hupewa karatasi yenye maswali: Mwalimu alianzaje somo? Ubao ulitumiwaje? Vifaa gani vilikuwapo? Watoto waliulizwa maswali ya namna gani? Na pembeni pana nafasi ya kutia alama. Karatasi hiyo ni nzuri, lakini mtu aweza kuijaza yote bila kuona kitu.

Tulipofika Rabai mkufunzi alisimamisha gari karibu na makumbusho yenye jina la Krapf, akawateremsha vijana. Wengi wetu twajua kwamba Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kwamba yeye na mwenzake Johannes Rebmann walijenga makao yao Rabai mwaka 1846, na hapo wakaanza kufundisha watu kusoma. Lakini mkufunzi hakuwaambia habari za shule hata kidogo. Aliwaambia habari za theluji. Mwaka 1848 Rebmann alisafiri kwa miguu kutoka Rabai mpaka nchi ya Wachaga, akauona mlima Kilimanjaro na weupe uliokuwa kileleni, akaandika kwamba ni theluji. Huko London bwana mmoja mwenye elimu ya ramani, jina lake Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi hizi, alikataa katakata na kusema haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Mabishano hayo yaliendelea miaka mingi, hata msafara wa von der Decken ulipoupanda mlima huo sehemu yake, mwaka 1861 na mwaka 1862, na kuthibitisha ya Rebmann. “Andikeni mlichokiona,” mkufunzi akawaambia, “wala msiandike mnachodhani chuo kinataka kusoma.” Kisha tukapanda gari tena. Nataka msomaji ayaweke maneno hayo moyoni, maana kabla ya adhuhuri mwenye kuyasema alikuwa karibu kuyameza.

Shule yenyewe iko mbali kidogo na barabara, katika njia ya udongo mwekundu, chini ya miembe mikubwa. Sitaitaja jina. Mwalimu mkuu alitupokea kwa heshima nyingi, tukatia sahihi zetu katika kitabu cha wageni, tukapewa chai. Lakini niliona jinsi walimu walivyotutazama walipokuwa wakipita. Kwa miaka mingi mtu mgeni akaaye nyuma ya darasa na karatasi mkononi alikuwa mkaguzi. Katika siku za ukoloni fedha za msaada wa Serikali kwa shule za misheni zilitegemea ripoti ya mtu kama huyo, na mwalimu aweza kusahau mengi lakini hasahau uti wa mgongo ulivyokuwa ukimwingia baridi. Shule ya Jeanes iliyoanzishwa Kabete mwaka 1925 ilijaribu njia nyingine: ilifundisha walimu wa kuzungukia shule za vijijini kama wasaidizi, wamwonyeshe mwenzao kazi kwa mikono yao. Hata hivyo hofu ya mgeni wa nyuma ya darasa haijaisha. Tulipoingia Gredi ya 2 niliona sakafu imefagiliwa upya, na picha za ukutani zilikuwa mpya mno, hazijapata hata vumbi la siku moja.

Watoto walikuwa sabini na mmoja. Madawati yalikuwa ya watatu watatu, lakini mengi yalikaliwa na watoto watano. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole iliyofika mpaka nyuma bila kelele, na nasema kwa haki kwamba alikuwa hodari. Somo lilikuwa la hesabu za kutoa. Alifundisha kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu aliingia katika Kirabai, kama inavyotakiwa katika madarasa haya ya chini, kwamba mtoto aanze kwa lugha ya mahali pake. Hakuwa na vifaa vya kununua dukani. Alikuwa na chelewa, vile vijiti vya makuti tunavyofanyia mafagio, alizokata sawasawa na kuzifunga kumi kumi kwa uzi. Kila dawati lilipata mafungu matano na vijiti viwili vya peke yake. Jumla 52. Hesabu ubaoni ilikuwa 52 toa 27.

Alisimama mbele ya meza yake, akashika mafungu yake mwenyewe, akaeleza kwamba saba haitoki katika mbili, basi yeye anafungua fungu moja la kumi. Akalifungua. “Sasa ni ngapi?” Darasa zima likajibu, “Kumi na mbili!” Likajibu kwa nguvu hata kuku waliokuwa dirishani wakaruka. Akaendelea hivyo mpaka mwisho, nalo darasa likiitikia kwa furaha. Somo la nusu saa likaisha kama maji yatelemkayo. Wanagenzi watatu kati ya wanne waliokuwa nami walikwisha jaza karatasi zao kabla ya kengele. Nilichungulia nikaona wameandika kwamba vifaa vilifaa sana, na wanafunzi walishiriki wote.

Wa nne alikuwa binti mnyamavu kutoka Taita, asiyejua Kirabai. Labda ndiyo sababu. Mtu akikosa kuyafuata maneno, macho hufanya kazi ya masikio. Yeye aliiweka kando karatasi ya chuo, akachora madawati yote katika ukurasa wa daftari yake, na kila mtoto alipojibu peke yake alitia nukta mahali alipokaa. Mwalimu aliuliza maswali 23. Maswali 14 yalijibiwa na darasa zima kwa pamoja. Tisa yaliyobaki yalijibiwa na watoto watano tu, wote wa madawati mawili ya mbele upande wa dirisha. Nusu ya nyuma ya ukurasa wake ilikuwa nyeupe. Na watoto walipokuwa wakiandika, aliinuka kimya akatazama madaftari ya dawati lililokuwa mbele yake, wavulana watano. Wanne waliandika 35. Wa tano hakuandika kitu.

Jibu la haki, kama msomaji ajuavyo, ni 25. Lakini 35 si jibu la kubahatisha. Mtoto hutoa mbili katika tano akapata tatu. Kisha akiona saba haitoki katika mbili, huigeuza, akatoa mbili katika saba akapata tano. Kila mwalimu wa hesabu amelikuta kosa hilo. La ajabu ni kwamba wavulana hao walikuwa wamepiga kelele “Kumi na mbili!” pamoja na wenzao.

Wakati wa mapumziko binti alimwonyesha mkufunzi ukurasa wake. Mkufunzi aliutazama kitambo, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kazi ni nzuri, lakini mwalimu mwenyeji hutakiwa kuitia sahihi karatasi ya kila mwanagenzi, na shule hii huwapokea kila mwaka bila malipo, na mama yule ndiye atakayewasimamia watakaporudi muhula ujao kufundisha. Kwa hiyo pengine hesabu ya nukta ingefaa ibaki katika daftari. Binti akauliza, “Na ile theluji, mwalimu?” Mkufunzi hakujibu. Nami, ikiwa ni lazima niseme kweli, nilikuwa upande wa mkufunzi. Niliona kwamba si adabu kuingia nyumbani kwa mtu, kunywa chai yake, kisha kumhesabia nyufa za ukuta.

Binti hakubishana. Alikwenda mwenyewe chini ya mwembe alipokuwa mama yule akisahihisha madaftari, akamwamkia kwa heshima, “Shikamoo, mwalimu,” akaomba ruhusa ya kuonyesha kitu. Sisi tulisimama mbali kidogo, lakini tulisikia.

Mama aliutazama ukurasa kwa muda mrefu. Uso wake haukuwa na furaha. “Mwanangu,” akasema, “watoto hawa ni sabini na mmoja. Nikimwuliza kila mmoja swali moja, somo limekwisha, na hesabu sijafundisha. Wewe hapo nyuma ulikuwa na kazi moja tu, ya kuhesabu.”

“Ni kweli, mwalimu.”

“Watakupa wewe darasa kama hili. Halafu utaniletea ukurasa wako nami nikutilie nukta.”

Binti akanyamaza. Niliona vidole vyake vikikunja pembe ya daftari. Kisha akasema kwamba hakuja kuhesabu makosa; alikuja kuuliza, maana yeye hajui jinsi watoto wale wa nyuma walivyopata 35 na wakati huo huo wakaitikia kumi na mbili, na muhula ujao atakapofundisha litamkuta lilo hilo. Mama akamtazama tena, safari hii yeye mwenyewe na si karatasi. Akafungua madaftari yaliyokuwa mbele yake, akatafuta, akayakuta yale manne. Kengele ikalia. “Haya,” akasema, “mimi naingia na Kiswahili. Wewe chukua wale watano wangu, kaa nao hapa chini ya mwembe.”

Basi mambo yaliyokuwa yamefichika nyuma ya darasa kwa nusu saa yalijulikana kwa dakika tano. Wavulana wakaketi mchangani na mafungu yao ya chelewa. Binti akawaambia watoe ishirini na saba. Mmoja akaondoa mafungu mawili upesi. Kisha akavitazama vijiti viwili vya peke yake, akamtazama binti, akaacha. Binti akamwuliza kwa nini hafungui fungu. Mtoto akastaajabu kwa swali lenyewe. “Tulikatazwa,” akasema. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Asubuhi, mwalimu alipogawa chelewa, alisema mtu yeyote asifungue fungu, kwa maana juma lililopita zilifunguliwa zikapotea. Na alipofungua la kwake mezani, watoto hao, ambao mbele yao pana vichwa vya wenzao vingi, hawakuliona. Walisikia wenzao wakisema kumi na mbili, nao wakasema. Lakini fungu walilokuwa nalo mkononi lilikuwa limefungwa na lilikatazwa kufunguliwa, na 7 ilikuwa haitoki katika 2. Walifanya walichoweza bila kuvunja amri.

Binti akawaruhusu wafungue. Aliyekuwa hakuandika kitu ndiye aliyemaliza wa kwanza.

Mama yule alipoambiwa habari hiyo mlangoni alijiziba mdomo kwa mkono na kucheka, kisha kicheko kikakatika. “Miaka mingapi nimewaambia watoto wasifungue,” akasema, bila kumwambia mtu. Karatasi za wale watatu akazitia sahihi zote mara moja, bila kuzisoma. Ya binti wa Taita akaisoma mpaka mwisho, pamoja na 23 na 14 na tisa, akatia sahihi, kisha akaomba ule ukurasa wa madawati abaki nao.

Mkufunzi akasema kwamba ukurasa huo ni wa chuo, kwa kuwa ndio utakaotiwa alama. Mama akasema vizuri, na hakuurudisha. Kwa hiyo tulipokuwa tukishuka kuelekea Mazeras binti alikuwa amejikunja katika kiti cha nyuma, akiuchora upya kwa kukumbuka, dawati moja baada ya moja, na njia ile ya udongo ikimrusha hata mistari yake ikaenda upande. Mkufunzi, aliyekuwa ameketi mbele na dereva, aligeuka akamwambia dereva apunguze mwendo.