Kilio huanza mfiwa

Katika vyumba vya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, mfiwa hana pa kulilia. Chumba ni futi 10 kwa 10, ukuta ni wa matope au mabati, na linalosemwa upande huu linasikika upande wa pili. Humo watu hupika, hulala, na watoto hufanya hesabu zao za shule, na siku ya msiba humo humo ndimo wageni wanamoketi. Kitanda huinuliwa kikaegemezwa ukutani, godoro likapelekwa kwa jirani, viti vya plastiki vikaazimwa kanisani. Wanaokosa nafasi ndani hujipanga kwenye ujia, mguu mmoja huku na mwingine ng'ambo ya mtaro. Mjane anakaa kwenye mkeka pembeni, amezungukwa na watu tangu alfajiri hadi usiku wa manane, na bado siku inaweza kwisha hajalia.

Nafasi hana, na wakati hana. Kifo cha mtaani huja na hesabu zake: bili ya hospitali, ada ya mochari inayopanda kila kukicha, jeneza, gari. Kisha kuna swali la mahali pa kuzika. Makaburi ya Lang'ata yako karibu, lakini yametangazwa kujaa tangu zamani, na wengi hawataki mtu wao alale ugenini. Basi familia inakopa ili mwili ufike Siaya, Vihiga, Kitui au Murang'a. Aliyefiwa anageuka kuwa mhasibu wa msiba wake mwenyewe. Akishazika, anapanda basi la usiku kurudi Nairobi, kwa kuwa kibanda cha mboga kimefungwa wiki mbili na kodi ya nyumba haijui matanga.

Nayaandika haya nikiwa Mkristo, nikiwaambia Wakristo wenzangu. Naamini tuna faraja ya kumpa mama huyu. Naamini pia kwamba mara nyingi tunafika kwake na kumpa kitu kingine.

Tunachompa ni maneno, tena mapema. Kazi ya Mungu haina makosa. Mungu amempenda zaidi. Jikaze, watoto wanakutazama. Maneno haya yana ukweli wake, na wapo walioyasema huku machozi yakiwatiririka. Lakini yakitamkwa mlangoni, kabla mfiwa hajafungua kinywa, yanamnyamazisha. Anajua sasa kwamba akilia sana atahesabiwa kuwa na imani haba, na akiuliza kwa nini, ataombewa kana kwamba amepagawa. Wahenga walituachia utaratibu ulio bora: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Yeye ndiye wa kwanza. Sisi tunaingia katika kilio chake, kwa mwendo wake.

Biblia inaukubali utaratibu huo kuliko tunavyoukubali sisi tunaoihubiri. Ayubu hunukuliwa katika karibu kila mazishi, kwa lile neno lake juu ya Bwana anayetoa na kutwaa. Neno hilo liko katika sura ya kwanza. Tukifika sura ya tatu, mtu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa, na kwa sura nyingi zinazofuata anamdai Mungu majibu. Rafiki zake watatu walianza vizuri sana: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo kumwambia neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Waliharibu walipoanza kumtetea Mungu. Na mwisho wa kitabu Mungu aliyetetewa anawakasirikia watetezi wake, akisema kwamba Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa.

Yesu naye alifika Bethania akijua kwamba muda si mrefu Lazaro angetoka kaburini. Ikiwa kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuwaambia waombolezaji wanyamaze, ni yeye. Martha alimlaumu kwa kuchelewa, naye hakumkemea. Mariamu alianguka miguuni pake akilia, na Yesu akalia pia. Hata Paulo, anayetajwa kila tunapotaka watu wafute machozi, aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wasio na tumaini. Hakuwaandikia wasihuzunike. Tumaini la ufufuo linamwezesha Mkristo kulia bila kuogopa kwamba machozi yatammeza.

Nikitafuta mahali ambapo faraja hii inaonekana kwa macho katika mitaa hii, naikuta kwenye daftari. Ni daftari la shule la kawaida, kurasa 48, limechorwa mistari ya rula kwa kalamu ya bluu. Juu kumeandikwa jina la marehemu, na chini majina ya waliochanga: Mama Fulani 50, Baba Fulani 100, fundi wa viatu 20, mwenye duka 200, kikundi cha akina mama 1,500. Mwingine ameandikwa kwamba ataleta Ijumaa. Mwingine hakuwa na pesa, akaandikiwa mkaa debe moja. Siku hizi M-Pesa na kundi la simu hurahisisha mambo, lakini daftari halijaondoka, kwa sababu kila ukurasa wake unasomwa kwa sauti jioni, na mfiwa anasikia majina ya watu wanaojinyima chakula cha jioni kwa ajili yake. Anayeamua kutoa 50 mtaani humo ameacha kununua kitu. Kwangu, kisomo hicho cha jioni ni mahubiri kamili.

Mambo haya hayakujitokeza hivi hivi. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, familia chache za jirani zinazokutana nyumba kwa nyumba. Waanglikana wana Mothers' Union, Wapresbiteri wana Woman's Guild, na makanisa ya kiroho yaliyo katika mabati, yenye waumini 30 au 40, yenyewe ni jumuiya tangu mwanzo: mchungaji anajua nani amelala njaa. Tarehe 27 Novemba 2015 Papa Fransisko alitembelea Kangemi, mtaa jirani na Kawangware, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Alilaani vikali dhuluma ya ardhi na ukosefu wa maji. Lakini alitaja pia hekima ya mitaa ya namna hii, na miongoni mwa mema yake alihesabu kuwazika wafu Kikristo na kumtafutia mgonjwa nafasi nyumbani. Aliona lile daftari bila kuonyeshwa.

Mwaka 2020 tuliona thamani ya haya kwa kunyang'anywa. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini tarehe 13 Machi, na kabla mwezi haujaisha makanisa yalikuwa yamefungwa. Kuanzia Aprili 6 Nairobi ilizuiliwa, mtu asiingie wala asitoke bila kibali, na mazishi yakawekewa kikomo cha watu 15. Makanisa yalifunguliwa Julai, kwa watu 100 na ibada ya saa moja. Katika miezi hiyo watu walizikwa upesi upesi huku ndugu zao wakitazama kupitia simu. Mkesha haukuwapo, nyimbo hazikuwapo, na hakuna aliyepita kumshika mfiwa mkono. Serikali ilikuwa na sababu zake, maana ugonjwa uliua. Lakini vilio vile havikwisha, viliahirishwa. Wapo walioketi nasi kwenye mabenchi Jumapili iliyopita ambao bado hawajaanza kulia. Parokia na makanisa yetu yangefanya jambo jema sana kutenga ibada ya kuwataja kwa majina wote waliozikwa mwaka ule, na kuwaachia wafiwa muda wa kutosha.

Kuna kifo kigumu zaidi ya vile vya mwaka ule, kile ambacho mkono wa binadamu ndio uliokileta. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. Kibera nyumba zilichomwa, reli iling'olewa, na familia zilizofukuzwa zikalala Jamhuri Park. Oktoba 2017, mara tu baada ya uchaguzi wa marudio wa tarehe 26, Kawangware nayo ikawaka moto: vibanda viliteketezwa, watu wakapoteza maisha, majirani wakatafutana kwa kabila. Mama aliyefiwa katika siku kama hizo tutamwambiaje kwamba kazi ya Mungu haina makosa? Hiyo haikuwa kazi ya Mungu. Kumsingizia Mungu damu hiyo ni kumwondolea muuaji lawama na kumnyima mfiwa yule Mmoja ambaye angeweza kumlilia.

Kwa mama huyo nadhani Biblia imemweka Rizpa, suria wa mfalme Sauli. Wanawe wawili, pamoja na wajukuu watano wa Sauli, walitundikwa kwa makubaliano ya wakubwa, ati njaa iishe nchini. Rizpa alitandika gunia juu ya mwamba na kukaa hapo tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua iliponyesha. Mchana alifukuza ndege, usiku alifukuza wanyama. Habari zikamfikia Daudi, naye akaagiza mifupa ikusanywe na kuzikwa kwa heshima. Ni baada ya mazishi hayo, inasimulia Samweli wa Pili, ndipo Mungu alipoyasikia maombi kwa ajili ya nchi. Kuuawa kwa wale vijana hakukuleta nafuu. Kilio cha mama aliyekataa kuondoka ndicho kilichomwinua mfalme kitini. Kwa hiyo mtu asimharakishe mfiwa wa Kibera au Kawangware kusamehe ili tu mtaa utulie. Msamaha ni amri ya Bwana wetu, na wengi mitaani humo wameutii kwa gharama ninayoistaajabia, wakirudi kununua sukuma kwa jirani yule yule. Lakini haki ni amri yake pia, na anayeidai haki ya mwanawe hajaikana imani.

Basi amani ya Kristo inakaa wapi katika haya yote? Yohana anasimulia kwamba jioni ya ufufuo, wanafunzi wakiwa wamejifungia kwa hofu, Yesu alisimama katikati yao, akawapa amani, na papo hapo akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Alikuwa ameshinda mauti, na makovu bado anayo. Hakuyaficha ili salamu yake ipendeze. Hiyo ndiyo amani ninayoiona kwa wafiwa wanaomcha Mungu: wanafanya kazi, wanaimba, wanachangia msiba wa mwingine, na ukimtaja marehemu wao sauti bado inakwama. Hawajapona kwa maana ya kusahau. Wameshikwa na Mungu aliye hai, na wanajua kwamba wanayemlilia hajapotea kwake.

Kama unakwenda kwa mfiwa wiki hii, nenda. Keti. Mwachie aanze. Akikaa kimya, kaa kimya naye. Akiuliza kwa nini, usimjibu kwa niaba ya Mungu. Kisha urudi wiki ya nne, wakati viti vimesharejeshwa kanisani na kundi la simu limehamia msiba mwingine. Mbebee unga na mtungi wa maji, mshikie kibanda saa mbili alale, na umuulize habari za marehemu kwa jina lake. Ukifika hapo, soma naye Zaburi, hata zile za malalamiko. Atakuwa tayari kuzisikia, na nawe utakuwa na haki ya kuzisoma.