Mtoto wa Mzee wa Kanisa Naye Aulizwe

Huku Ujerumani, Mkatoliki au Mlutheri aliyebatizwa akiwa mchanga huanza kukatwa kodi ya kanisa mara mshahara wake unapofikia kiwango cha kutozwa kodi: asilimia 8 ya kodi ya mapato akiwa Bavaria au Baden-Württemberg, asilimia 9 kwingineko. Makato anayaona kila mwezi kwenye hati ya mshahara. Asiyetaka huenda ofisi ya serikali, akatia saini, na uanachama wake ukaishia hapo. Mwaka 2022 Wakatoliki zaidi ya 500,000 walijitoa. Nyumbani Tanzania wengi husema Wazungu wamemwacha Mungu. Si rahisi hivyo: wapo wanaokimbia kodi tu huku bado wanasali, na wapo waliobaki bila kuamini. Lakini hati ile ya mshahara humlazimisha mtu kujiuliza kama kanisa aliloandikishwa na wazazi ni lake.

Kwetu swali hilo haliji. Jina likishaingia kwenye daftari la usharika, linakaa hadi mazishi. Kipaimara kiliwekwa ili kijana akiri mwenyewe imani aliyobatiziwa, ila tazama kinavyokwenda katika sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT): Katekisimo Ndogo ya Luther imekaririwa, darasa zima linamwitikia mchungaji kwa sauti moja, na nyumbani turubai limeshafungwa, keki imeagizwa, suti imeshonwa. Kijana anayesita moyoni atathubutu vipi kusema "bado" wakati mashangazi wameshasafiri? Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1921 humpa mtoto wa miaka 14 haki ya kujichagulia dini. Sheria haizai imani, lakini inakiri kwamba mamlaka ya mzazi yana mwisho.

Ataniambia mtu kuwa hoja hii ni ya Kizungu. Hasha. Uamsho wa miaka ya 1930 uliotoka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulibebwa na Waafrika waliowahimiza watu waliokwisha kubatizwa watubu wenyewe, na waliookoka wakaitana ndugu bila kujali kabila. Mwingine atanitajia Timotheo, aliyelelewa katika imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Kweli kabisa, na malezi hayo kila mzazi anadaiwa. Ila Paulo akishawataja kinamama hao, humgeukia Timotheo na kumtaka yeye aichochee karama aliyopewa. Basi kabla ya siku ya kipaimara, mchungaji na azungumze na kila kijana bila wazazi kuwepo, amwulize anaamini nini na kwa nini. Akijibu "bado", asubiriwe mwaka mwingine, na nyumba yao isiaibishwe.