Hapaumi

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka tisa, na siku ile maji yalikuwa ya bamvua. Kijijini kwetu, kati ya Tiwi na Diani, pwani ya Kenya, maji ya bamvua yakipwa hupwa kweli kweli, mwamba ukabaki mtupu, na kila mwenye miguu hushuka. Wanawake na watoto wakiokota makombe, wanaume wakichokora mashimo kutafuta pweza. Mimi nilikuwa mbeba kikapu wa mjomba, ndugu mdogo wa mama. Makombe mazuri hatukuwa tukiyatia chunguni. Yalikuwa na wanunuzi, vijana waliokuja na baiskeli kutoka upande wa mahoteli, wakayauza tena kwa watalii.

Mjomba alikuwa ameshapata pweza wawili alipoliona kombe lile chini ya jiwe. Lilikuwa jepesi, urefu kama kiganja chake, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili kama pia ya watoto. Rangi yake ilikuwa ya maziwa, na juu yake michirizi ya hudhurungi imepita huku na huku kama ramani ya nchi nisiyoijua. Alilipindua, akaona mwenyewe yumo ndani, hai. Akafurahi. Mkono mmoja una mkuki, wa pili una pweza, basi akalifutika kibindoni, tukaendelea.

Hatujafika mchangani akasimama, akapeleka mkono kiunoni.

"Kuna kitu kimenidunga."

Akalitoa kombe, akalitazama, akalitia kikapuni kwangu. Nikamuuliza, "Mjomba, panauma?"

"Hapaumi, mwanangu. Kama mbu tu."

Neno hilo nimekaa nalo miaka hamsini.

Alifika nyumbani kwa miguu yake, akaketi barazani, akaletewa chai. Kikombe kikamshinda. Alisema midomo imekufa ganzi, akajaribu kucheka. Baadaye ulimi ukawa mzito, kope zikamwangukia kama mtu aliyekesha, akaniambia ananiona wawili. Mama akamuuliza mara tatu kama anaumwa, na mara zote tatu alitikisa kichwa. Kwa sababu haumwi, hakuna aliyeharakisha. Nyanya alisema ni jua, mwacheni alale. Miguu ilipokataa kabisa ndipo lilipotafutwa gari la mwenye duka la kumpeleka hospitali. Mimi nilipakiwa nyuma nimshike kichwa. Macho yake yalikuwa wazi nusu, kifua kikipanda kidogo, halafu kidogo zaidi. Hatukufika hata kivukoni Likoni.

Walipomwosha walikuta kiunoni kitone kidogo, hakizidi ncha ya sindano, na kando yake ngozi imebadilika rangi. Wazee wakanong'ona habari za jini wa mwambani. Mama hakusema kitu. Alichukua lile kombe, akaenda nalo baharini usiku, akarudi bila kombe.

Yaliyobaki nayapitisha haraka. Nilisoma, nikawa muuguzi, nikafanya kazi Mombasa, na mwaka 1996 nikaenda Marekani. Nilipelekwa na mkataba wa kazi mpaka Salt Lake City, jimbo la Utah, mji ulio mbali na bahari kiasi kwamba maji ya chumvi pekee niliyoyaona yalikuwa ya ziwa. Nikapangiwa kitengo cha wagonjwa wa maumivu makali, wale ambao mofini imefika mwisho wa uwezo wake kwao.

Mwanzoni mwa mwaka 2005 daktari wetu alituketisha wauguzi wote kutueleza dawa mpya. Jina lake zikonotaidi, kwa jina la biashara Prialt, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imeiidhinisha Desemba 2004. Akasema asili yake ni sumu ya konokono wa baharini, akaweka picha ukutani. Nilimtambua kabla hajamaliza sentensi. Hakuwa yule yule. Huyu aliitwa Conus magus, mdogo wake. Lakini katika picha ya pili, aliyotuonyesha jamaa zake, lilikuwepo kombe la mjomba wangu na michirizi yake ya ramani. Conus geographus. Daktari akasema kwamba huyo ndiye muuaji katika ukoo mzima, vifo zaidi ya 30 vimeandikwa kwa jina lake, na hakuna dawa ya kuiua sumu yake. Kinachomwokoa mtu ni kusaidiwa kupumua mpaka sumu ipite. Kisha akaongeza jambo lililonifanya nishike kiti: wengi waliodungwa naye walisema hawakusikia maumivu ya maana.

Kazi hiyo ya ugunduzi, kumbe, kwa sehemu kubwa ilifanyika katika mji ule ule niliokuwa nikiishi, katika chuo kikuu kilichoko kwenye mteremko upande wa mashariki. Mwenye kuianzisha alikuwa Mfilipino, Baldomero Olivera, aliyeokota makombe utotoni kama sisi. Alisomea kemia ya uhai Marekani, akarudi Manila karibu na mwaka 1970, akakuta hana mitambo ya utafiti aliouzoea. Akaangalia alicho nacho, na alicho nacho kilikuwa bahari. Alijua kuna konokono huko kwao anayeua watu, akataka kujua anawauaje. Baadaye akahamishia kazi Utah, na hapo wanafunzi wake wakaifungua njia. Craig Clark, kijana wa shahada ya kwanza, ndiye aliyependekeza sumu ichambuliwe sehemu sehemu na kila sehemu idungwe katika ubongo wa panya. Sehemu moja ilimlaza panya, nyingine ilimzungusha, nyingine ilimtetemesha. Iliyomtetemesha ilichujwa kutoka kwa Conus magus na Michael McIntosh, aliyeingia maabara akiwa na miaka 18 tu, ametoka shule ya sekondari juzi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sumu ya konokono hawa si sumu moja. Ni mchanganyiko wa peptidi mia na zaidi, kila moja na kazi yake. Mnyama mwenyewe ni mzito wa mwendo, hawezi kumfukuza samaki, basi ana jino lililo wazi katikati lenye ncha kama chusa, na akimpiga samaki, samaki hana nafasi ya kukimbia. Peptidi zilizomkata pumzi mjomba hufunga mawasiliano kati ya neva na misuli. Ile ya McIntosh, ambayo ndiyo asili ya zikonotaidi, yenye asidi amino 25, ina kazi nyingine. Katika uti wa mgongo wa binadamu kuna milango midogo ya kalsiamu inayopokea habari ya maumivu na kuipeleka ubongoni, na peptidi hiyo huiziba. Kidonda kipo, mfupa umeoza, lakini taarifa haifiki. Dawa tuliyopewa ilitengenezwa maabara, hakuna konokono aliyekamuliwa kwa ajili yake.

Mgonjwa wangu wa kwanza kupewa alikuwa bibi mshonaji nguo, saratani imemwingia mifupani. Hata shuka ikimgusa paja alilia. Mofini ilikuwa imeongezwa mpaka anashinda amelala, na bado akiamka analia. Dawa hii haimezwi wala haipigwi mshipani, hupelekwa moja kwa moja katika maji yanayozunguka uti wa mgongo. Kwa hiyo alipasuliwa, akawekewa chini ya ngozi ya tumbo pampu ya mviringo, ukubwa wa kopo la kiwi cha viatu, na mpira mwembamba ukazungushwa mpaka mgongoni. Kuijaza lilikuwa jukumu letu. Unapapasa ngozi kwa vidole viwili mpaka usikie ukingo wake, unatafuta kitovu cha pampu, unachoma sindano polepole mpaka igonge chuma. Tulikuwa tukipima dawa kwa mikrogramu, yaani sehemu ya milioni ya gramu, na kwa siku tulianza na mbili na ushei tu.

Siwezi kuisifu bila kusema upande wake wa pili. Ilipopandishwa kidogo mapema, bibi yule alianza kuona watoto wamekaa pembeni ya chumba, akawakaribisha chai. Alisahau jina la binti yake. Tulishusha, tukangoja, tukapandisha tena kwa wiki badala ya siku. Wapo wagonjwa ambao hawakuiweza kabisa tukawatoa, na mwenye historia ya kurukwa na akili haruhusiwi kuipata. Lakini mwili hauizoei ukataka zaidi kama unavyofanya kwa mofini, na ukitaka kuiacha unaiacha siku hiyo hiyo.

Wiki ya tano niliingia asubuhi nikamkuta bibi ameketi. Shuka ameikunja magotini, anaupima upindo wake kwa vidole kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Aliniambia uzi wa hospitali yetu ni mbaya. Alikuwa macho, ana akili zake, na mkono wangu ulikuwa umemgusa paja bila yeye kushtuka. Nilitoka nikaenda kusimama chooni.

Jioni hiyo nilimpigia mama simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona saa hizi, kuna nini?"

Nikamweleza yote, konokono, dawa, bibi na shuka yake. Alinyamaza muda mrefu nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Kwa hivyo aliposema hapaumi, alikuwa akisema kweli?"

"Kweli, mama. Hapakuuma."

"Miaka yote hii nilidhani anatuficha."

Habari ya pumzi sikumgusia, na yeye hakuniuliza. Alimshika ndugu yake mkono siku ile, alijua.

Mwaka 2015 watafiti wa Utah walitangaza kwamba Conus geographus huachia majini insulini ya aina yake, samaki wakapungukiwa na sukari, wakalegea, yeye akawafunika kwa mdomo ulioachama kama kimia. Nilisoma habari hiyo nikiwa nimeshastaafu. Ukoo huu una zaidi ya spishi 700, na kila mmoja ana mkoba wake wa sumu. Sisi tulikuwa tukiwauza kwa senti, wakakae juu ya kabati za watu. Kila ninaporudi nyumbani hunisikitisha kuwaona bado wamepangwa mezani ufukweni, wamesuguliwa wanang'aa.

Basi wewe unayeshuka mwambani, na watoto wako wanaokufuata na vikapu: kombe la umbo la pia likiwa na mwenyewe ndani, liache lilipo. Usilishike hata upande mpana, wala usilifutike nguoni. Na likimdunga mtu, usimwulize kama panauma, wala usingoje paume. Mlaze atulie, mtafutie gari saa hiyo hiyo, na pumzi ikianza kumpungukia mpulizie wewe, mdomo kwa mdomo, usiache mpaka mfike hospitali. Hata akikutikisia kichwa.