Ukili wa Akina Mama na Kiti cha Kamati



Kabla ya mazulia kuenea, misikiti mingi ya mwambao wetu, kutoka Mikindani hadi vijiji vya mlango wa Mto Ruvuma, ilitandikwa mikeka iliyotoka mikononi mwa akina mama. Majani huvunwa, huanikwa, huchanwa na kutiwa rangi. Kisha ukili husukwa pima baada ya pima, na mwisho hushonwa upande kwa upande. Kazi hii haina haraka. Mama husuka akisubiri wali uive, husuka akiwa matangani, huuweka kando msimu wa korosho ukimwita shambani, kisha huurudia. Mkeka mkubwa unaweza kuanzwa mwezi wa Rajabu na Idi ikapita haujaisha. Binti zao wameongeza nyuzi na sindano za kufumia vitambaa vya makochi, na mwendo wao ni ule ule.

Katika msikiti wetu, kikundi cha akina mama kimeuza mikeka na vitambaa hivyo hadi kikanunua tangi la maji ya udhu na misahafu ya madrasa. Sasa wana ombi moja: mshika fedha wao akae katika kamati, awe na sauti juu ya fedha anazozileta. Ombi lilipofika, mzee mmoja, ambaye ndiye aliyetusomesha Juzuu Amma, alitukumbusha hadithi ya Abu Bakra (r.a.) iliyomo katika Sahihi Bukhari, juu ya watu waliomtawalisha mwanamke. Kikao kikanyamaza, ajenda ikaahirishwa. Imekwisha kuahirishwa mara tatu, na mwaka umepita.

Hadithi ni sahihi, nasi hatuichezei. Chuoni tulifundishwa pia sababu yake: Mtume (s.a.w.) alipata habari kwamba Wafursi wamemtawaza binti wa Kisra. Jumhuri ya wanazuoni wameifahamu kuwa inahusu uongozi mkuu wa dola. Chini ya hapo walihitilafiana: Imamu Abu Hanifa amenukuliwa akijuzisha mwanamke kuwa kadhi katika mambo ambayo ushahidi wake hukubaliwa, na Ibn Jarir at-Tabari amenukuliwa akipanua zaidi ya hapo. Msomaji atatuuliza kuhusu Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa tarehe 19 Machi 2021. Waliotuzidi elimu wanajadili iwapo urais wenye katiba, bunge na mahakama unalingana na ufalme wa Kisra, na huko tunawaachia wao. Lakini daftari la tangi la maji si ukhalifa. Wala hakuna mama aliyeomba uimamu. Anayeliingiza hilo katika mjadala anatafuta mlango wa kutokea.

Tunapata tabu zaidi tukitazama kura zetu wenyewe. Jimbo la Mtwara Vijijini lilimchagua Bi Hawa Ghasia wa CCM mwaka 2005, likamrudisha mwaka 2010 na 2015, na mwaka 2020 likampa kiti Bi Shamsia Mtamba wa CUF. Chama kilibadilika, mbunge akabaki kuwa mwanamke. Katika waliopiga kura hizo wamo watu tunaosimama nao safu moja siku ya Ijumaa, na hatukusikia hadithi ikisomwa kituoni. Basi mwanamke anafaa kupitisha bajeti ya taifa kule Dodoma, ila hafai kuulizwa bei ya koki ya msikiti?

Wengine husema ni mila. Mila ipi? Wamakonde na Wamakua walihesabu ukoo kwa mama. Kweli, mara nyingi mwenye kauli alikuwa mjomba, lakini mjomba mwenyewe alipata cheo hicho kupitia kwa mama.

Tunapokosa hoja tunarejea Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Masahaba waliamrishwa wachinje na kunyoa, wakasita kwa uchungu wa mkataba. Mtume (s.a.w.) akaingia kwa Ummu Salama (r.a.), akamweleza. Yeye akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo, na watu wote wakainuka kumfuata. Jeshi zima lilikwama na neno lililolikwamua lilitoka hemani. Tumeisikia khutba ya Hudaybiya mara nyingi. Sehemu hii khatibu huipita mbio.

Hatumlaumu mzee wetu. Miaka yote aliyoishi, kamati ilikuwa ya wanaume, na anayoyalinda anayapenda. Ndiyo maana tulimfuata nyumbani kwake badala ya kubishana naye kikaoni. Alitusikiliza hadi adhana ya alasiri, akauliza swali moja tu: mama huyo anatunza vipi hesabu zake? Tukamjibu kuwa kila mkeka una mstari wake, na tarehe, na bei.

Kikao kijacho ni baada ya swala ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao. Kwa kuwa kupanga ajenda ni kazi ya katibu, ombi hili tumeliweka la kwanza, kabla watu hawajachoka, na tumempelekea mama huyo ujumbe aje na daftari lake.